Jogoo niliyemfunza ukali, na mguu wa Bi Mwanaidi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Ninachoandika kimetokea nyumbani kwangu, Rau, hapa Moshi. Sijaongeza chumvi. Kuna sehemu ningependa hata kuziruka maana zinaniaibisha, ila nimeamua ziwepo.

Mimi ni fundi friji. Naishi na mke wangu, binti yetu Nasra, na mama yangu mzazi ambaye ana miaka sabini na kitu. Nyuma ya nyumba kuna migomba, halafu mfereji, na uzio wetu ni michongoma tu. Mchana sisi tuko kazini, Nasra yuko shule, mama anabaki peke yake.

Mwaka juzi tukaanza kuibiwa mchana kweupe. Mara nguo kwenye kamba, mara mkungu mzima wa ndizi. Siku moja walibeba sufuria ya maharage ikiwa jikoni.

Kilichoniuma si vitu. Mama alikuwa anasikia mtu anatembea uani, anajifungia chumbani na kukaa kimya mpaka aondoke.

Kila niliyemwambia alisema fuga mbwa. Sasa mama hataki mbwa uani. Anaswali, mkeka wake anautandika pale barazani, na kwa umri ule sikuwa tayari kubishana naye.

Nina rafiki anaitwa Melkiory, tulisoma ufundi pamoja, kwao ni Mkuu kule Rombo. Akaniambia, "Shabani, nitakupa jogoo."

Nikacheka.

"Cheka tu. Kwetu kihambani hakuna mtu anayepita kwenye ile migomba bila kuita kwanza."

Jumamosi nikapanda Mkuu na pikipiki. Nikarudi na tenga nyuma, ndani jogoo mwekundu, mrefu, shingo kama ngumi ya mtu. Nasra akampa jina la Afande.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu.

Afande hakuja akiwa mkali hivyo. Alikuwa anakufukuza ukisogelea kuku majike tuliokuwa nao uani, basi. Mimi nikaona hiyo security haitoshi. Kila asubuhi kabla ya kazi nikawa navaa gambuti, namchokoza kwa ncha ya buti. Akinirukia narudi nyuma, ajione ameshinda. Halafu namtupia mahindi.

Sikumwambia mtu yeyote nyumbani.

Mwezi haukuisha, akawa anapiga chochote chenye miguu miwili. Nasra akawa anatoka getini mbio. Mama akawa akienda chooni anashika ungo mbele ya magoti kama ngao.

Mke wangu akasema, "Baba Nasra, huyu kuku si mzima."

Nikamjibu anafanya kazi yake.

Na kazi kweli aliifanya, lazima niseme ukweli wote. Siku moja akaingia jamaa na gunia, anajifanya ananunua vyuma chakavu. Akabeba mtungi wa gesi kwenye jiko la nje. Mama anachungulia dirishani. Afande alimpiga nyuma ya goti, jamaa akaangusha mtungi na kupenya kwenye michongoma, ndala moja ikabaki. Mama alinisimulia mara nne jioni ile, kila mara anacheka upya.

Wizi ukaisha. Nikawa najisifu mjini kwa kila mteja.

Ambacho sikukiona ni kwamba wageni nao waliisha.

Bi Mwanaidi ni jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye na mama ni marafiki tangu sijazaliwa. Kila siku baada ya alasiri alikuwa anakuja na chupa ya chai, wanakaa barazani mpaka jua linapungua. Afande alipokuwa mkali, Bi Mwanaidi akawa anaishia getini na kuita. Mama magoti yanamsumbua, siku nyingi hafiki. Wakawa wanasalimiana kwa simu, na ni nyumba ya tatu tu.

Ijumaa moja nilibaki nyumbani, natengeneza friji ya mtu nyuma ya nyumba. Bi Mwanaidi akaja na bakuli la pilau. Aliita, mama hakusikia, na mimi nilikuwa nimewasha mashine. Akakuta geti liko wazi. Akaingia.

Niliposikia ukelele nikakimbia. Nilimkuta amekaa chini, pilau imemwagika, Afande yuko juu ya miguu yake. Nikamkamata nikamtupa bandani.

Kwenye ugoko kulikuwa na tundu dogo, alipochoma kwa ule mwiba wa nyuma ya mguu. Damu hata haikuwa nyingi.

"Si kitu, mwanangu," akasema. Akaosha kwa maji ya chumvi, akaenda kwake.

Bi Mwanaidi ana kisukari. Sote tulikuwa tunajua.

Baada ya siku kumi binti yake akaja kumwambia mke wangu kuwa mguu umevimba. Nikawapeleka kituo cha afya. Muuguzi akasafisha, halafu akatuita pembeni. Akasema kidonda kimeingia ndani, na kisipopata nafuu atapelekwa hospitali kubwa, na huko huenda wakazungumzia kuukata.



Nikachukua jukumu la kumpeleka kusafishwa kila baada ya siku mbili, mimi na yeye kwenye bajaji. Hakunilaumu hata siku moja. Ananiuliza habari za kazi, ananiuliza Nasra anasomaje. Bora angenitukana.

Kama wiki ya tatu, tumekaa kwenye benchi tunasubiri, nikashindwa kuvumilia.

"Bi Mwanaidi, yule jogoo nilimfundisha mimi."

"Ulimfundisha nini?"

"Kupiga watu. Nilikuwa namchokoza kila asubuhi kwa buti."

Akaweka sawa mtandio wake.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi leo kamwambie. Anadhani kosa ni lake, kwamba ndiye aliyeacha geti wazi. Ananipigia simu kila siku kuniomba msamaha."

Nilirudi nikamkuta mama anachambua mchele wa Mabogini kwenye sinia. Nikakaa chini nikasema yote. Vidole vyake havikusimama, viliendelea kutoa mawe. Mwisho akasema, "Mimi nilikuwa silali, Shabani."

Halafu akasema, "Mtoe huyo ndege."

Nikampigia Melkiory. Swali lake la kwanza, "Ulikuwa unamchezea na mguu?" Nikakubali. Akasema jogoo akikurukia hupigani naye wala humkimbii. Unambeba kwapani, unatembea naye taratibu mpaka atulie, na siku zikipita anakuzoea. Ila kumrudisha Mkuu alikataa, kwake kuna watoto wadogo.

Nikamchinja Jumapili. Hapakuwa na raha yoyote. Yeye alifanya nilichomlipa mahindi afanye.

Nilimpelekea Bi Mwanaidi paja moja. Akalirudisha. "Mwambie huyo tulishakutana."

Kidonda kilifunga mwezi wa tatu tangu aumie. Mguu upo, alhamdulillah. Baridi ya Julai ikiingia anachechemea kidogo.

Sasa hivi nafuga kanga wanne, ndege, siyo zile za kuvaa. Mgeni akikanyaga getini wanapiga kelele mtaa mzima unajua, lakini hawamgusi mtu. Michongoma nimeiziba kwa waya, geti linajifunga lenyewe.

Siku ya kwanza Bi Mwanaidi alipokuja tena, kanga wakalipuka. Akasimama, akaniangalia.

"Hawa nao wanapiga?"

"Hawapigi, ni kelele tu."

"Kelele hata sisi tunazo," akasema. Akaingia, mama akamsogezea mkeka.

Nilichojifunza: ndege anaweza kulinda mji vizuri kabisa, sipingi. Ila hana namna ya kutenganisha mwizi na jirani mwenye bakuli. Hiyo kazi ilikuwa yangu, nikamwachia yeye. Na ukimfunza mnyama ukali kwa siri, watu wa nyumbani kwako ndio wa kwanza kulipa.

Wenye bata bukini naomba mnisaidie, je, wao wanazoea majirani au ni walewale? Na wewe mwenye jogoo mkali unayemsifia, leo jioni muulize mzee wako nyumbani huwa anatokaje nje usipokuwepo. Njoo utuandikie hapa amekujibu nini.