Mfuko Ulionuka Ndizi

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kamembe, lakini watu wanamjua kwa nyuki. Kundi likitua pahali pa juu, kwenye mti au tangi la maji, anaitwa yeye. Akiitwa yeye nimeitwa na mimi, maana mshika kamba ni mimi. Ndiyo sheria ya nyumba yetu tangu baba mkwe alipoanguka kutoka kwenye mkaratusi kule Giheke, akitoa nyuki, akafa siku hiyo hiyo. Chini ya mti ule alikuwa mama mkwe, kamba mkononi. Hajawahi kutusimulia. Sisi tuliongeza kamba nyingine, ya kiunoni, tukakubaliana kwamba aliye chini hapigi kelele, kwa sababu aliye juu akishtuka anaweza kuteleza. Aliye chini anavuta mara mbili. Maana yake: acha.

Ijumaa moja nyuki walitua kwenye mnara wa msikiti, chini kabisa ya kipaza sauti. Mwadhini alikuja kwetu akihema.

"Papa, kuya mbio! Bale bantu banataka kuchoma nyuki na moto, na swala iko karibu."

Mume wangu akapanda ngazi ya chuma, wavu usoni, akajifunga kiuno. Kundi lilining'inia zito karibu na bega lake. Nilifunga mfuko wetu wa nyuki katikati ya kamba: yeye avute juu, mimi nishike mkia wake chini, mfuko usiyumbe na kugonga ukuta. Jua lilikuwa kali. Mfuko ulipofika nusu ya mnara, nilijifuta jasho usoni nikasikia harufu kiganjani. Ndizi mbivu.

Nilijua papo hapo. Mama mkwe alikuwa ameutumia kufunikia ndizi zake ziive, akaufua, akaurudisha kwenye msumari bila kusema. Nani hapa kwetu hafuniki ndizi kwa gunia? Lakini nyuki akichoma huacha harufu inayofanana sana na hiyo, na wenzake wakiisikia wanakuja wote kuchoma. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyenifundisha, siku niliyokula ndizi karibu na mzinga nikakimbizwa mpaka barabarani.

Nikavuta mara mbili. Akatazama chini, akatikisa kichwa, akaendelea. Mimi ni mwoga, huvuta hata upepo ukipuliza kidogo, naye ameshanizoea. Nikavuta tena kwa nguvu. Naye akavuta. Tukawa hivyo, mtu na mke wake, tunanyang'anyana mfuko hewani mbele ya waumini, kimya. Nilimkasirikia mpaka machozi yakanitoka. Akainama anitazame vizuri, na mguu wake mmoja ukaacha ngazi. Nyuki wachache walishaanza kuuzunguka mfuko. Nikilegeza, unamfikia. Nikizidi kuvuta, namwangusha.

Nikaikanyaga kamba ili mikono iwe huru. Nikainua juu ndizi isiyokuwepo, nikaimenya, nikaila. Mwanamke mzima, uwanjani mwa msikiti, siku ya Ijumaa.

"Astaghfirullah," alisema mzee mmoja nyuma yangu. "Huyu maman amepata wazimu."

Nikamenya ya pili.

Mume wangu aliganda. Kisha, taratibu, akaanza kuushusha mfuko.

Nikautupa mbali, nikanawa mikono kwenye bomba la udhu. Nikavua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, mbele ya wanaume wote wale, nikakifunga kwenye kamba. Kilinuka sabuni na moshi wa jikoni, basi. Akakitandaza chini ya kundi, akalitikisa, likaanguka zima ndani, akafunga pembe nne. Mwadhini hakugusa kipaza sauti. Aliadhini uwanjani kwa mdomo mtupu, na mume wangu akashuka na nyuki wakivuma ndani ya maua ya kitenge changu. Mkono wake mmoja ulikuwa umevimba. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia.

Niliuokota mfuko nikarudi nyumbani mbele yake, mfuko kwapani, maneno ya kumwambia mama mkwe yakiwa yamenijaa mdomoni. Nilimkuta uani akichambua maharage. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Banasema ulivuta kamba," alinitangulia.

"Nilivuta, Maman."

"Akasikia?"

"Mwishoni alisikia."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Hakunitazama.

"Na mie nilivutaka," alisema. "Wangu hakusikiaka."

Harufu ya ndizi ilikuwa inanipanda kutoka kwapani, nikauficha ule mfuko nyuma ya mgongo.

"Mfuko umechanika, Maman," nikamwambia. "Nitashona mwingine."