Kutoka Kanyabayonga hadi Beni, Ndani ya Chumba cha Vanishi

Thina ilinukia ndizi mbivu. Watu wengi hawaamini ninaposema hivyo, kwa sababu wanaijua thina inayochoma pua mara tu kifuniko kinapolegezwa, lakini ile iliyoingia Butembo kwa malori kupitia mpaka wa Kasindi, miaka ya utoto wangu, ilikuwa na harufu tamu ya ndizi zilizofunikwa kapuni siku mbili zaidi ya inavyotakiwa. Ilikuja katika madebe yenye picha ya fuvu la kichwa na maandishi ya Kiingereza ambayo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeweza kuyasoma. Baba alikuwa seremala katika mtaa wa Kimemi. Alichanganya thina na vanishi nzito ili ipakike laini juu ya mbao, na jioni alinawa mikono kwa thina hiyo hiyo, hadi ngozi ya vidole ikawa nyeupe na kupasuka. Shati lake lilinukia ndizi, na mimi nililivaa kichwani kwa mchezo. Fuvu lile tulidhani ni alama ya kiwanda.

Karakana ilikuwa kando ya barabara kubwa, na wakati wa kiangazi barabara hiyo haikuwa na adabu. Lori moja likipita, vumbi jekundu lilipanda hadi juu ya mabati, likakaa hewani likitafuta mahali pa kutua, na hakuna mahali lilipopapenda kuliko kwenye vanishi mbichi. Mteja wa Butembo hana maneno mengi juu ya mbao. Hupitisha kidole tu. Kidole kikiteleza, kazi ni nzuri. Kikikwaruza chembe moja, anatikisa kichwa na kuuliza kama fundi alipaka vanishi yake sokoni. Kwa sababu ya kidole hicho baba alijenga chumba nyuma ya karakana, chenye mlango mmoja na dirisha dogo. Dirisha alilibandika magazeti, nyufa alizijaza vitambaa, na chini ya mlango aliweka gunia lililoloweshwa maji. Alijivunia chumba hicho kuliko msumeno wake wa umeme, na kila mgeni ilibidi aonyeshwe jinsi hata nzi asivyoweza kupenya. Kulowesha gunia ilikuwa kazi yangu ya asubuhi.

Baba hakuwa mzembe, na hilo napenda lieleweke. Aliogopa moto sana. Hapakuwa na sigara wala mbabula, yaani jiko la mkaa, karibu na chumba kile, na mama alipikia upande wa pili wa kiwanja hata mvua iliponyesha. Moto aliuelewa kwa sababu aliwahi kuona duka la jirani likiteketea. Mvuke wa thina hakuuelewa, kwa sababu haukuonekana, na ni vigumu kukiogopa kitu kinachonukia ndizi. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla ya kiangazi ninachokisimulia, alimkuta fundi wake amelala chumbani humo mchana kweupe, brashi mkononi, akamtikisa muda mrefu kabla hajaamka. Fundi huyo hakurudi tena kazini. Baba aliwaza siku mbili, kisha akatoa sheria: anayepaka vanishi lazima atoe sauti muda wote, na nje ya mlango lazima awepo mtu wa kumjibu. Sauti ikikatika, mlango ufunguliwe. Ndani aliingia tonton Muhindo, mdogo wake mama. Nje niliwekwa mimi, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa na miaka kumi na masikio mazuri.

Tonton Muhindo alikuwa amefanya kazi ya convoyeur, yaani msaidizi wa dereva, kwenye malori ya abiria na mizigo. Koo lake lilikuwa limezoea kushindana na injini. Badala ya kuimba au kupiga mluzi, alisafiri. Kila tabaka la vanishi lilikuwa safari moja ya kutoka Kanyabayonga hadi Beni. Aliita kituo kwa sauti ya kuamsha kijiji, na mimi nilijibu "Twende!" ndipo lori liondoke. Kanyabayonga, Kayna, Kirumba, Kaseghe, Alimbongo, Lubero, Musienene, Butembo, Maboya, Beni. Kati ya kituo na kituo aligombana na abiria wasioonekana. "Weye mama, ile kuku yako inakula maharagi ya benzako! Shuka nayo!" Nilicheka hadi nikashika mbavu. Alijifunga leso yenye maji mdomoni, lakini mtu hawezi kuita Kanyabayonga akiwa na leso mdomoni, basi aliivuta chini ya kidevu na ikabaki hapo. Alipofika Beni aligonga mlango mara tatu, akatoka macho mekundu, akicheka mambo ambayo hayakuchekesha. Tulisema amechoka na safari. Nilimpenda kuliko watu wazima wote niliowajua, na nilijiona mtu muhimu sana.

Kiangazi hicho baba alipata kazi kubwa, kabati la milango mitatu la binti wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni. Binti alikuwa anaolewa, na kabati lilitakiwa ling'ae kuliko la dada yake. Siku ya tabaka la mwisho mzee huyo alifika mwenyewe na gari la kulibeba, ingawa kabati lilikuwa halijakauka, akakaa kwenye benchi mbele ya karakana akinywa chai na baba. Tonton alikuwa ndani tangu saa tatu. Alikuwa amemaliza sehemu ya juu na milango, akabakiza miguu na ubao wa chini, kazi inayomlazimu fundi alale ubavu sakafuni. Niliketi nje ya mlango nikijibu. Alipita Lubero vizuri. Akaita Musienene, nikajibu. Kisha akaita Kirumba.

Nilidhani ananitania. "Tonton, unarudi nyuma!" nilisema kupitia mbao. Akaita Kirumba tena, polepole, kama mtoto anayesoma herufi ubaoni. Hakukuwa na mama wala kuku. "Kayna," akasema. "Kirumba." Sheria ilisema mlango hufunguliwa sauti ikikatika, na sauti haikuwa imekatika. Upande wa pili nilisikia kicheko cha baba na mgeni wake, na lori lililokuwa likipanda kutoka chini. Nilikuwa na hofu mbili na nilizijua zote: ya kabati na ya tonton. "Kirumba," alisema mara ya nne. Nikasukuma gunia kwa mguu, nikafungua.

Lori lilipita wakati huo huo. Vumbi liliingia kabla yangu. Tonton alikuwa amelala karibu na miguu ya kabati, kopo la vanishi limemwagika mbele ya uso wake, macho wazi, akitabasamu. Baba alifika mbio, akatazama kabati kwanza. Siandiki hili kumlaumu, ndivyo ilivyokuwa.

"Masika! Nani amekuambia ufungule?"

"Anakosea njia, papa."

"Amenyamaza?"

"Hapana."

"Donc? Sasa?"

Nilimwonyesha tonton kwa kidole. Aliyesema ni mzee wa Beni, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kikombe chake mkononi. "Papa Masika, kabati itangoja. Angalia mutu kwanza." Wakamshika tonton makwapani, wakamburuta hadi uani. Alitapika, akauliza tumefika wapi, akatapika tena. Mama alileta maziwa, kwa sababu kila mtu mjini kwetu alijua kwamba maziwa huondoa sumu, akamnywesha kikombe kizima, na tonton akayarudisha yote. Kufikia saa kumi alikuwa ameketi, akilalamika kuumwa kichwa. Mzee wa Beni aliondoka na gari tupu na akakubali kusubiri.

Kesho yake baba alipiga msasa kabati lote, na keshokutwa yake tonton akaingia tena chumbani. Nadhani kama angekufa siku ile, baba angebomoa chumba. Lakini hakufa, na kila jirani aliyekuja kumpa pole aliambiwa jinsi sheria ya sauti ilivyomwokoa. Sheria ikawa na heshima kuliko mwanzo. Mimi nilipewa onyo peke yangu, bila ukali, baba amechuchumaa mbele yangu ili nielewe. "Hapana fungula ovyo. Akinyamaza njo unafungula. Mutu mwenye anaongea iko muzima. Umesikia?" Nilisema nimesikia. Nilikuwa nimeona sura yake mbele ya lile vumbi, na sikutaka kuiona tena.

Basi nilitii. Kiangazi kilikuwa na wiki nyingi bado, na kazi nyingine zikafuata za vitanda na meza. Zipo siku tonton aliruka Lubero. Ipo siku alifika Maboya mara mbili, na nyingine alikaa Alimbongo muda mrefu akiita jina hilo kwa sauti iliyolegea. Nilisikia kila kosa, kwa sababu njia hiyo niliijua kuliko meza ya kuzidisha. Lakini sauti haikuwa imekatika, na kila alipoita, nilijibu "Twende!" Nilijibu kwa nguvu zaidi sauti yake ilipolegea, nikidhani namsaidia kufika.

Sasa ninafundisha kemia katika shule ya ufundi mjini Beni, na kila mwaka huwa na somo moja na vijana wa useremala juu ya vanishi. Nawaambia mambo yasiyohitaji shahada. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, kwa hiyo anayelala kupaka miguu ya kabati ndiye anayeuvuta mwingi. Leso haiuzuii, wala barakoa ya kitambaa. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya mkaa, na vichujio hubadilishwa. Maziwa hayafanyi lolote. Mkono haunawishwi kwa thina. Paka alfajiri, umande ukiwa bado umelaza vumbi, kibandani kusiko na kuta, na kopo lifunikwe. Kisha nawaeleza kuhusu sauti. Mtu anayeita kwa nguvu huvuta hewa kwa nguvu, hadi chini kabisa ya mapafu, na hewa ya chumba kile ilikuwa thina. Tulibuni njia ya kumlinda tonton, na njia hiyo ikamnywesha sumu kuliko kama angepaka kimya.

Baba nilimwambia nilipokuwa bado mwanafunzi. Alibishana nami wiki nzima, akasema mbona hakufa mtu. Wiki ya pili nikamkuta na nyundo, ukuta wa nyuma wa chumba umeshalala chini. Karakana hiyo sasa ni ya mdogo wangu. Vijana wake hupaka vanishi wamevaa barakoa zinazowafanya wasisikilizane, na wateja wachache hulalamika kuhusu chembe ya vumbi. Wanaambiwa wapeleke kidole kwingine.

Tonton Muhindo anaishi Bulengera kwa binti yake. Mikono yake hutetemeka, kikombe hukishika kwa yote miwili, na maneno humponyoka katikati ya sentensi. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni thina peke yake. Miaka nayo imepita. Nikimtembelea na kukuta wageni, huniita nikae karibu naye na kuwaeleza mimi ni nani. "Huyu mutoto, hapana kuniacha hata siku moja. Kiangazi muzima iko nje ya mulango, ananijibia. Kama hapana yeye, ningekufia mule ndani." Wanafunzi wangu wanajua sauti ile ilimfanyia nini, baba anajua, mdogo wangu anajua. Tonton sijamwambia. Wageni hunitazama kwa heshima, yeye hunishika mkono akingoja nithibitishe, nami hujibu, "Ndiyo, tonton."