Alamu Niliyoizima kwa Mkono Wangu

Mpwa wangu wa kike, fundi simu, tunamwita King'ora. Jina hilo nilimpa mimi. Alipozaliwa, miaka ishirini na sita iliyopita, alilia miezi mitatu mfululizo mpaka jirani wa ukuta mmoja akahama na wa ukuta wa pili akawa analala na pamba masikioni. Mama yake, dada yangu, akichoka ananitupia mtoto, nami namzungusha uani usiku kucha. Kwa hiyo mtu asije akanifundisha habari za watoto wachanga. Mimi sina mtoto wa kuzaa wala sina mke, wanawake waliogopa sura hii kwamba itawapa kazi ya kuilinda, lakini kulea nimelea.

Dada yangu alifariki King'ora akiwa darasa la pili. Nikamalizia mimi, humu humu dukani kwangu, katikati ya magunia ya mchele, maharage na unga. Alipofika miaka kumi na tano alifungua redio yangu bila ruhusa. Nilimfukuza hadi barabarani nikiwa na kandambili moja mkononi. Niliporudi, redio ilikuwa inashika stesheni ambazo sikujua zipo. Tangu siku hiyo nikampa kona ya duka, karibu na dirisha, akaweka meza yake: taa ya kuinamisha shingo, bisibisi nyembamba kama sindano, na vifuniko vya chupa vya kuwekea skrubu zisipotee.

Mtoto huyo haamini maneno. Mteja akileta simu na kuapa kwamba haikuingia maji, King'ora humtazama tu, halafu humuuliza kwa upole, "Ilianguka majini au haikuanguka?" Anauliza mara moja. Wengi wanakiri hapo hapo. Anayekana, anafunguliwa simu mbele ya macho yake aone kutu.

Na mimi nina kipaji changu. Miaka thelathini ya kupima nafaka imenifanya mkono huu uwe mizani. Nipe mfuko wowote, nitaunyanyua mara moja na kukwambia kilo na gramu. Watu wameweka dau na kurudi nyumbani na aibu. Kwa hiyo King'ora alipojifungua mtoto wa kiume, na mumewe dereva wa lori yuko safarini bado wiki mbili, nani aliyekwenda wodini? Mimi. Nikampokea mjukuu wangu, nikampandisha kidogo, nikasema mbele ya muuguzi, "Kilo tatu na gramu mia moja."

Muuguzi akatazama kadi. Akanitazama mimi. "Mzee, umechungulia."

"Dada yangu, mkono huu hauchungulii."

Wodi nzima ilicheka. Nilitembea humo kama mtu aliyejifungua mwenyewe.

Siku ya pili wakaruhusiwa. Yule muuguzi alimkalisha King'ora akamwambia neno kwa neno, "Mnyonyeshe kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Akiwa amelala, mwamshe. Fanya hivyo mpaka arudishe uzito aliozaliwa nao."

Nikaangua kicheko. "Amwamshe mtoto aliyelala? Wewe ukiamshwa saa nane za usiku uambiwe kula, utafurahi?"

"Mzee," akasema muuguzi, "wewe pima maharage."

King'ora hakucheka. Tulipofika nyumbani alichukua simu moja ya zamani, ile yenye spika inayoweza kuamsha mtaa, akaitegea alamu za kila saa tatu, akaiweka karibu na kitanda.

Sasa ngoja niwaambie jinsi mtoto yule alivyolala. Alilala kama ana mkataba. Alamu inalia, mama anamweka kifuani, ananyonya mara nne tano, macho yanafunga, kinywa kinaachia. King'ora alimkuna kidevu, alimpulizia usoni, wapi! Mimi nikawa nasimama mlangoni kwa majirani najigamba kwamba damu ya mjomba imeshinda: mama alikuwa king'ora, mwana ni mto wa sufi.

"Mjomba, nepi mbona hazilowi?" aliniuliza siku ya tatu. "Tangu jana jioni nimebadilisha moja."

"Anakusaidia sabuni," nikamjibu.

Na kila asubuhi nilikuwa na mchezo wangu. Nambeba mtoto, nampandisha kidogo, natangaza kilo kwa sauti ya mnadani. Siku ya tatu nilimbeba, na mkono ukaniambia kitu ambacho sikukipenda. Uliniambia: pungufu. Nikaubishia. Nikasema labda nimelalia mkono vibaya. Jirani mshona viatu alikuwa amesimama pale ananisubiri, basi nikatangaza, "Tatu na mia mbili!" Siku ya nne ukaniambia tena. Nikatangaza, "Tatu na robo!" Mshona viatu akapiga makofi.

Usiku wa siku hiyo ya nne nikafanya lile jambo. King'ora alikuwa amechoka mpaka anagonga kuta. Saa tatu usiku alimnyonyesha, au tuseme alijaribu, kisha akaanguka kitandani na viatu mguuni. Niliingia na kikombe cha maji nikamkuta amelala kinywa wazi, kama alivyokuwa akilala akiwa darasa la pili. Nikaona huruma. Nikaichukua ile simu, nikaizima, nikaitia mfuko wa shati. Nikasema moyoni, leo mjomba wako anakupa zawadi ya usingizi.

Nyumba ililala mpaka jua likaingia dirishani. Saa moja asubuhi. Hesabu mwenyewe: saa kumi nzima mtoto wa siku tano hajatia kitu mdomoni, na hakulia hata mara moja.

King'ora alikurupuka. "Mjomba! Alamu haikulia?"

Nilikuwa nimeshairudisha simu mahali pake. "Labda betri," nikasema.

Kumwambia fundi simu labda betri! Alitoa kifuniko, akachomoa betri, akaipima kwa kile kidude chake chenye nyaya mbili. Akairudisha. Akamchukua mtoto, akamweka kifuani. Mtoto hakufungua kinywa. Akamkuna nyayo. Mtoto akakunja uso kidogo, uso ukakunjuka, basi.

"Mshike nikanawe uso," akaniambia. "Leo kilo ngapi?"

Nikampokea.

Umewahi kunyanyua ndoo ukidhani imejaa, kumbe tupu, mkono ukaruka juu wenyewe? Ndivyo mikono yangu ilivyofanya. Iliruka. Nilibaki nimemshika mtoto usawa wa kidevu changu. Watu wanaonijua watashangaa: nilisimama pale nikakosa la kusema.

King'ora alikuwa mlangoni. Akageuka. "Mjomba. Mbona husemi kilo?"

Nikampandisha tena, taratibu.

"Mjomba!"

"Tumpime," nikasema.

Mizani yangu ni ile ya sahani mbili. Tulitandika kitambaa kwenye sahani ya kushoto, tukamvua nguo, tukamlaza. Upande wa kulia nikaweka jiwe la kilo mbili, kisha la kilo moja. Kilo tatu kamili, bila ile mia moja ya kuzaliwa. Niliachia mkono. Sahani ya mawe ikashuka ikagonga meza, ko! na mtoto akapanda juu. Akabaki ananing'inia hewani, mtu mzima na vidole vyake vyote, anazidiwa na vyuma viwili.

Nikatoa jiwe la kilo moja, nikaweka la nusu. Nikaongeza robo. Nikatoa robo, nikaweka la gramu mia mbili. Sahani zikalingana. Kilo mbili na gramu mia saba. Kilo tatu na mia moja ilikuwa imepoteza gramu mia nne kwa siku tano, huku mimi naziongeza kwa mdomo.

"Mizani mbovu," nikasema. Hebu fikiria, mizani yangu mwenyewe, niliyoapia wateja miaka thelathini.

King'ora alikuwa anamvalisha mtoto haraka haraka, vifungo vinamkatalia. Kwenye mwanga wa dirisha ndipo tukaona wote wawili kwamba weupe wa macho ya mtoto haukuwa mweupe. Ulikuwa wa njano. Akaniinulia uso. Ulikuwa uso ule anaowawekea wateja.

"Betri nimeipima. Nzima," akasema. "Ilianguka majini au haikuanguka?"

"Niliizima mimi," nikasema. "Ili ulale. Na mkono uliniambia tangu juzi kwamba anapungua. Nilidanganya kwa sababu ya yule mshona viatu."

Nilitamani anipigie kelele. Hakupiga. Alisema, "Funga duka. Twende," na alikuwa ameshafika barabarani kabla sijapata kufuli.

Muuguzi alikuwa yule yule. Alipoona namba kwenye mizani yake hakunitania. Aliita mwenzake, wakamtoboa mtoto kisigino wachukue damu, na mtoto hakulia. Sindano kisiginoni, na hakulia! Mimi niliyemzungusha mama yake uani miezi mitatu nikiomba anyamaze, nilikuwa nimesimama pale namwomba mwanawe apige ukelele mmoja tu.

"Si kwamba ameshiba," muuguzi akatueleza huku mikono yake inafanya kazi. "Hana nguvu ya kulia. Hanyonyi, kwa hiyo anachoka. Akichoka analala. Akilala hanyonyi. Anazunguka hapo hapo, na manjano nayo yanamzidishia usingizi. Mmechelewa, lakini mmefika."

Walimlaza chini ya taa ya buluu ya kumtoa manjano, macho yamefunikwa kwa kitambaa. King'ora akafundishwa kukamua maziwa kwenye kikombe, na mtoto akanyweshwa kidogo kidogo kila saa mbili. Mimi nikapewa kazi ya kumwamsha. Unamvua nguo, unampangusa uso kwa kitambaa chenye maji, unamsugua nyayo, unamkalisha. Kazi hiyo niliifanya kama mtu anayelipa faini. Siku nzima ile King'ora aliongea nami maneno mawili: "Kikombe" na "Shika."

Usiku wa pili, kama saa nane, nilikuwa natoa soksi ya mguu wa kushoto. Sijafika wa kulia. Mtoto akavuta pumzi, akawa mwekundu mpaka masikioni, akafungua kinywa. Ewe! Sauti ile naijua. Niliisikia miaka ishirini na sita iliyopita na ilihamisha jirani. Wodi nzima iliamka. Mama mmoja wa kitanda cha mbele akasema, "Jamani, mnyamazisheni," na King'ora akamjibu, machozi yanamtiririka, "Hapana, mwache! Mwache alie!" Kisha akamweka kifuani, na mtoto akashika kama mtu anayedai haki yake. Nikahesabu mivuto nikapoteza hesabu.

King'ora akanitazama juu ya kichwa cha mwanawe. "Mjomba, kaa chini. Umesimama tangu jana."

Tukaruhusiwa, na siku ya kumi na nne tangu azaliwe ilikuwa ndiyo ya kurudi kupimwa tena. Muuguzi alimchukua mtoto, lakini kabla hajamweka kwenye mizani akanigeukia kwa ule uchokozi wake. "Haya, mzee wa maharage. Mkono unasemaje? Kilo ngapi?"

Akaninyooshea mtoto. Watu kwenye benchi wakageuka kutazama. Ndugu zangu, mimi huyu, niliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Pima wewe," nikasema.

Kilo tatu na gramu mia moja hamsini. King'ora aliomba arudie, kwa sababu haamini maneno. Akarudia. Ikawa hiyo hiyo. King'ora akakalia benchi, akafunika uso kwa kanzu ya mtoto.

Sasa anaruhusiwa kumwacha alale kidogo, akiamka mwenyewe anyonye. Lakini mpwa wangu bado anategea alamu moja, ya saa nane usiku, na hiyo ni zamu yangu ya kwenda kumtazama mtoto. Simu ni ile ile ya zamani, ila sasa iko kando ya kitanda changu. Ameifungua, akaifanyia ufundi wake. Nimejaribu kubonyeza kila kitufe, nimejaribu hata kuifunika kwa mto. Haizimiki mpaka uandike namba, na namba anayo yeye, kwa hiyo lazima nikamwamshe mama mtu.