Sponji ya Bi Sindano

Bi Sindano alikuwa ameshona mikanda ya parachuti karibu nusu ya umri wake, lakini kwenda juu kwake kuliishia kwenye ngazi ya kutundikia mapazia. Banda lake lilikuwa kando ya kiwanja kidogo cha ndege, na cherehani yake ilikaa dirishani, basi aliwaona wateja wakipanda ndege wakicheka, kisha wakirudi kutoka angani wakicheka zaidi. Siku hizi lakini walirudi wakichechemea.

"Huu mguu si wangu," mama mmoja alisema, akilipiga paja lake makofi kama anayemwamsha mtoto. "Umekufa ganzi wote!"

Mwenye kiwanja, ambaye wote walimwita Mkubwa, akaja bandani.

"Bi Sindano, usinielewe vibaya. Watu wanailalamikia mikanda. Nafikiri niagize mipya ya kiwandani."

"Na mimi?"

Mkubwa aliitazama cherehani, hakumtazama yeye. "Tutaangalia."

Hiyo "tutaangalia" ilimkata maini. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba majuzi tu alikuwa ameongeza wema juu ya kazi yake. Mikanda ile migumu huyabana mapaja ya watu, naye akawaonea huruma, akaishonea vifuko vya sponji laini bila kutumwa na mtu. Sasa mkanda laini utamuumizaje mtu?

"Itakuwa ni hewa ya huko juu," alimwambia mumewe wakati wa chakula.

"Kwani umeshaionja?"

"Wewe baba, kula."

"Nauliza tu, mke wangu."

Asubuhi akaenda kwa mwana wa dada yake, ambaye kazi yake ni kuruka na wateja akiwa amewafunga kifuani pake.

"Mama mdogo uruke? Wewe uliyeikataa lifti ya hospitali?"

"Lifti sikuishona mimi. Nifunge."

Ndani ya ndege Bi Sindano alianza kusali kimoyomoyo, mbio mbio, akiogopa wataruka kabla hajafika amina. Vidole vikaanza kumwasha. Midomo nayo ikasisimka kana kwamba amelamba betri.

"Mwanangu, nakufa!"

"Hufi. Unahema kama umekimbizwa na mbwa. Pumzi ikienda mbio hivyo, vidole na midomo husisimka. Sali polepole, Mungu hana haraka."

Alicheka, na kicheko kikamtuliza pumzi. Mlango ukafunguliwa.

Alingojea tumbo limpande kooni, kama gari linapotumbukia shimoni. Halikupanda. Ndege ilikuwa tayari inakwenda kasi, na upepo uliwadaka pale pale walipotoka, hivyo hakuuona ule mshtuko wa kuanguka. Ilikuwa kama kulalia godoro lenye kelele. Mashavu yalipigapiga kama nguo kwenye kamba.

Kisha parachuti ikafunguka, dunia ikanyamaza. Masikio yalikuwa yameziba.

"Meza mate! Bana pua, upulize taratibu!"

Pwii, yakazibuka. Chini mashamba yalitandazwa kama vitambaa juu ya meza ya fundi. "Ee Mola, kumbe huku ndiko unakotutazamia," alinong'ona. Hakumaliza vizuri, sisimizi wakaanza kutembea kwenye paja la kulia, kisha mguu wote ukaaga.

"Mguu umeondoka!"

"Ndivyo wanavyosema wote."

Akapeleka mkono chini. Sponji ilikuwa imejikunja, imekusanyika bonge moja kwenye kinena, na uzito wote wa mwili wake unaning'inia juu ya bonge hilo. Damu itapitia wapi?

"Inua magoti, jivute nyuma," kijana alisema. Akajivuta, na uhai ukaanza kurudi mguuni kwa kuchomachoma.

Akaliminya tena lile bonge kwa vidole.

"Mama mdogo, umelala?"

"Ni sponji yangu."

Walitua kwa makalio. Mkubwa alikuwa anakuja mbio, na Bi Sindano alijua kwamba akiitaja hewa ya juu, hakuna atakayebisha. Akamfuata akichechemea.

"Mikanda haina neno. Kosa ni langu. Niliongeza sponji, mtu akining'inia inajikunja na kumbana."

"Nani alikutuma?"

"Huruma."

Mkubwa akajikuna kisogo. "Fumua mkanda mmoja. Mteja wa kesho avae huo. Akichechemea, naagiza."

Mteja wa kesho alikuwa bwana mnene mwenye sauti. Bi Sindano alisimama mlangoni na mkasi mkononi, akisali, polepole safari hii. Bwana akatua, akalalamika kwamba mkanda umemfinya mapaja, kisha akatimka kwa miguu yote miwili kwenda kumkumbatia mkewe.

Mkubwa alikwenda stoo, akarudi na mikanda yote iliyobaki begani, akaimwaga juu ya cherehani.

Jioni Bi Sindano alirudi nyumbani na mto mpya wa kukalia uliojaa sponji, mnono kwelikweli.

"Haya, hewa ya juu ina ladha gani?" mumewe akauliza.

"Safi," alisema, akamwekea mto kwenye kiti chake. "Nilikuwa naisingizia tu."