Kamba ya Jerono na Viti vya Bungoma

Jerono hakuwahi kuwa na utepe wa kupimia, na wala hakuutaka. Alikuwa na kamba. Ilikuwa kamba nyembamba ya pamba, ile ya kushonea magunia, na yeyote aliyetaka kumshonea au kumfumia alimzungushia kamba hiyo na kufunga fundo. Fundo la kwanza bega, la pili kiwiko, la tatu kifundo cha mkono. Ungemuuliza mtoto huyu ana inchi ngapi begani, angekutazama kana kwamba umemuuliza mwezi una kilo ngapi. Lakini sweta ilipotoka mkononi mwake ilimkaa mtoto huyo sawasawa.

Alikuwa mjane mwenye shamba la ekari tano upande wa Endebess, nje ya Kitale, ambako baridi ya Julai haina adabu. Mahindi ndiyo yaliyomlisha, lakini sindano ndiyo iliyompa jina. Akina mama wa kanisa lake walikuwa na kikundi kilichofuma sweta za watoto wa nyumba ya mayatima pale Kitale, na yeye ndiye aliyekuwa mpimaji. Kila mwaka kabla ya mvua alikwenda huko na bunda la kamba, mtoto mmoja kamba moja, akazifunga mafundo akiwachekesha watoto ili wasimame wima. Nyumbani alizitundika kwenye misumari ukutani, thelathini na kitu, na alijua ipi ya Wafula na ipi ya Cherotich bila kuandika herufi hata moja.

"Mkono wangu haujawahi kukosea," alipenda kusema, na tusifiche, alisema mno. Alisema kanisani, alisema sokoni, hata kwenye matanga alipata nafasi ya kulisema. Watu walimvumilia kwa sababu lilikuwa kweli.

Binti yake alikuwa mmoja tu, Cheptoo. Mwaka wa 1986 Cheptoo aliolewa na Barasa, kijana Mbukusu, karani wa mizigo katika stesheni ya reli ya Bungoma. Jambo hilo halikupita kimya. Shemeji yake Jerono, Mzee Kipruto, ndugu wa marehemu mumewe, alilipinga mbele ya wageni na nyuma ya wageni.

"Huyo kijana hana hata kiti," alisema. "Sasa mtoto yetu atakaa wapi? Chini?"

Jerono ndiye aliyekata shauri. Siku Barasa alipokuja kujitambulisha, yeye alitazama shati lake. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, lakini kimeshonwa vizuri, uzi umezungushwa shingoni mwa kifungo na kufungwa kwa nyuma. Aliuliza ni nani aliyekishona. Barasa, huku akitazama chini kwa heshima, akajibu kwamba ni yeye mwenyewe. Jerono akasema mtu wa namna hiyo anaweza kukaa na mtoto wake. Kipruto aliguna, akavuta ugoro, na wimbo wake wa kiti akauendeleza kwa miaka miwili mizima.

Cheptoo aliujua wimbo huo. Basi katikati ya mwaka wa 1987 ikaja bahasha nene kutoka Bungoma. "Mama," barua ilisema, "tumenunua viti vya sofa, seti nzima. Kirefu kimoja, cha watu wawili kimoja, na viwili vya mtu mmoja. Mwambie baba mdogo." Pamoja na barua kulikuwa na kamba, na mafundo yake yote yako mahali pake: mgongo wa kila kiti, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, meza ya katikati. Mtoto alikuwa amelelewa na kamba, hakuhitaji kuelezwa.

Jerono alimsomea Kipruto barua hiyo mara mbili, na mara ya pili aliisoma polepole zaidi.

Wakati ule nyumba yenye viti visivyo na vitambaa ilikuwa kama mtu aliyevaa koti bila shati. Jerono akanunua uzi mweupe, akatoa sindano yake ya ndoano, akaanza. Vitambaa kumi na vitatu: mgongo mmoja na mikono miwili kwa kila kiti, na kimoja cha meza. Kila kimoja alikipamba kwa maua ya pareto, meupe yenye moyo wa njano, ili binti yake akikaa kule kwenye joto akumbuke kwao. Alifuma akichunga ng'ombe, alifuma akingoja zamu ya kusaga mahindi kwenye posho mili. Ilimchukua mwaka na nusu. Kuna kimoja alikifumua mara nne kwa sababu ya ua moja lililokuwa na petali saba badala ya nane. Usiniulize nani angeyahesabu.

Desemba ya 1988, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, mwaliko rasmi ukafika. Kwa Wabukusu mama mkwe haendi tu kwa mkwewe kama anayeazima chumvi. Anaitwa, anasindikizwa, anapokewa. Msindikizaji alikuwa Mzee Kipruto, koti limepigwa pasi, macho yamenolewa.

Nyumba ya Barasa ilikuwa ya kupanga, chumba kimoja na jiko, ndani ya ua walimoishi pamoja na majirani wengine. Lakini viti vilikuwepo. Jerono aliviona tangu mlangoni, viti vikubwa vya kitambaa cha kahawia, na moyo wake ukajaa. Barasa alisimama karibu na ukuta bila kumtazama usoni, kama desturi yao inavyotaka kati ya mkwe na mama mkwe. Cheptoo naye alikuwa amenawiri, ila mikono yake haikutulia. Mara anyooshe shuka, mara apanguse meza iliyokwisha kupanguswa.

Jerono alikaa. Alipokaa tu, pua yake ikamwambia neno. Mto wa kiti ulinukia udi, ule wa kufukiza wa Waislamu wa mjini, na udi huo ulikuwa umekolea kwa miaka. Akatazama sakafu ya saruji, akaona mikwaruzo mipya kutoka mlangoni hadi miguuni pa kiti. Halafu paka akaingia, paka wa rangi ya machungwa. Hakutazama mtu. Alipanda kiti cha pembeni, akajizungusha, akalala mahali palipokuwa na shimo la ukubwa wake.

"Huyo ni paka wa nani?" Jerono aliuliza.

"Wa jirani, Mama. Wa mama Zaitun," Cheptoo alijibu, na sauti yake ikawa ndogo.

Kipruto, ambaye pua yake ilikwisha kuuawa na ugoro tangu ujana, hakusikia harufu yoyote. Alikuwa akibonyeza viti kwa kidole, anatafuta kasoro. "Haya, leta hiyo vitambaa tuone," alisema. "Mwaka mbili tunaambiwa vitambaa, vitambaa."

Jerono alifungua kifurushi. Alikuwa ameingojea saa hii kwa mwaka na nusu, na sasa alitamani iahirishwe. Alitandika cha kwanza mgongoni mwa kile kiti kirefu. Hakikufika. Kilipungua shubiri nzima kila upande, na maua ya pareto yakaning'inia katikati kama aproni ya mtoto iliyovalishwa mtu mzima. Akajaribu cha mkono wa kiti. Mkono ulikuwa mnene wa mviringo, na kitambaa kikapanda juu na kuteleza.

Cheptoo alitazama sakafu. Barasa alikuwa kando ya ukuta, jasho linamtoka.

Jerono alielewa yote. Kamba ile ilikuwa ya kweli, lakini ilipima viti vingine, viti walivyovitamani mahali fulani na ambavyo havikuwahi kufika humu ndani. Hivi vilikuwa vya mama Zaitun, vimebebwa asubuhi kuvuka ua, kwa ajili yake na kwa ajili ya mdomo wa huyu mzee. Alijua pia kwamba neno moja lingetosha. Angesema tu, "Mimi sikosei, viti hivi si vile," na jina lake lingebaki safi. Kipruto naye angerudi Kitale na mzigo wa kumtosha mpaka kaburini: kumbe kweli hana kiti, kumbe aliazima.

Akatazama kile kifungo cha tatu cha shati la Barasa. Kilikuwa bado kimeshikilia.

"Ai," akasema, na maneno yalimtoka kwa taabu. "Nimekosea."

"Ati nini?" Kipruto akageuka.

"Nimekosea kupima. Macho imezeeka. Hii kamba nilisoma vibaya, nikahesabu fundo moja mara mbili."

"Wewe? Si ndiyo wewe mkono yako haikosei?"

"Leo imekosea."

Kipruto alicheka mpaka akakohoa. Alicheka kwa furaha ya mtu aliyesikia jambo moja kwa miaka ishirini na leo limekwisha. Akasahau viti kabisa.

Cheptoo alikimbilia jikoni, Jerono akamfuata. Alimkuta ameipa mgongo sufuria ya chai mekoni. "Mama, mimi—"

"Nyamaza. Chai inamwagika." Jerono akaiinua sufuria kwa ncha ya leso yake, akaiweka chini. Halafu akamkumbatia binti yake, na hilo hawakuwa na mazoea nalo, kwa hiyo lilikuwa la haraka na la kugongana vichwa. Alimpenda sana mtoto huyu, hata uongo wake aliupenda, kwa sababu alijua ulishonwa kwa ajili ya nani. "Viweke," akamwambia. "Vitambaa uviweke tu, visioze."

Habari ilifika Endebess kabla ya Jerono kuvua viatu. Kipruto aliitangaza kanisani, akaitangaza sokoni, na mwishoni akaongeza kwamba vitambaa havikutosha hata kufunika kigoda. Watu walicheka, wengine bila ubaya. Lakini mwezi wa pili, kabla ya mvua, mwenyekiti wa kikundi, Chemutai, alikuja na utepe wa kupimia wa manjano, mpya.

"Mama Cheptoo, usikasirike," alisema. "Sufu ni ya sadaka. Tukikosea, mtoto anapata baridi. Si wewe mwenyewe ulisema macho imechoka?"

"Nilisema," Jerono alijibu.

Basi wakawa wanapima wengine, yeye anapewa tarakimu kwenye karatasi, anafuma. Kamba za ukutani alizishusha moja moja na kuzitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Hilo lilimuuma kuliko kicheko cha Kipruto. Aliwakumbuka wale watoto waliosimama wima mbele yake wakijizuia kucheka. Karibu miaka saba hakumwambia mtu ukweli wa viti vile. Na ule msemo wake kuhusu mkono wake hakuusema tena, hata mara moja, mpaka waliokuwa wakiuchoka wakaanza kuukumbuka.

Mwaka wa 1995, Agosti, ikaja barua. Barasa alikuwa amejenga kwao Bumula, nyumba ya matofali, na alitaka mama mkwe aje kuiona. Tena aliomba waje Mzee Kipruto na mwenyekiti wa kikundi cha kanisa. Barua ilisisitiza hao wawili kwa majina.

Sebuleni palikuwa na viti. Havikuwa vikubwa. Vilikuwa vya mbao, vimenyooka, mikono myembamba iliyopigwa randa. Juu yake vilikuwa vimetandikwa vitambaa kumi na vitatu vyenye maua ya pareto, vyeupe kama siku vilipotoka kwenye sindano. Vilienea ukingo kwa ukingo, hakuna kilichopungua, hakuna kilichoning'inia. Jerono alisimama mlangoni na mkoba wake, hakuingia.

Barasa alisimama kando ya ukuta. Hakumtazama mama mkwe. Alimtazama Kipruto.

"Mzee, niko na neno, na nimengoja mpaka tukuwe na kiti yetu ndio niseme. Ile siku ya Bungoma, ile viti ilikuwa ya jirani. Sisi hatukuwa na kitu. Tulikuwa tumepima za fundi fulani barabara ya Chwele, tukidhani tutanunua, zikachukuliwa na mtu mwingine. Mama hakukosea. Ni sisi tulidanganya, na yeye akabeba."

Kipruto alifungua kopo la ugoro, akalifunga bila kuvuta. "Na hii?"

"Hii fundi ametengeneza akifuata vitambaa ya mama. Nilimpelekea zote kumi na tatu. Sikumpea kipimo ingine."

Chemutai alishika mdomo. Mzee Kipruto alimtazama shemeji yake. Wengine wanasema alitaka kuomba radhi. Alichosema ni, "Wewe mwanamke ni mgumu," lakini alisema taratibu, na akavua kofia.

Jerono, akiwa bado mlangoni, alimgeukia binti yake. "Cheptoo," alisema, "ile kamba unayo?"

Cheptoo alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya Biblia. Jerono akaichukua, akaingia, akainama juu ya viti kimoja baada ya kingine, fundo kwa fundo, na watu wote wakamngoja. Kwenye kile cha watu wawili akasimama. Akapima tena.

"Huyu fundi amekosea hapa," akasema. "Nusu kidole. Mkono wa kushoto."

Chemutai alitoa ule utepe wa manjano mkobani, akainama, akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia. Akainuka polepole, akaukunja utepe na kuurudisha alikoutoa.

"Mama Cheptoo," alisema, "pale kwa watoto kumekuja wapya sita. Bado hawajapimwa."

Jerono alijifuta macho kwa kiganja, akafungua mkoba wake na kuanza kutafuta kamba.

"Wanaitwa nani?" akauliza.