Mutumbwi Umefungwa Kamba

Wajukuu wananiona nabeba kitunga ya mihogo kichwani, mukono moja juu nashikilia, mukono ingine nasalimia watu njiani, wanasema, "Koko, wewe iko na nguvu!" Nacheka. Hawajui kama ile bega ya kuume ilinitisha maisha yangu kuliko chui.

Mimi ni mutu wa Kabambare, Mubangubangu kabisa. Kwetu ni vilima na mashamba, na mayi yetu ilikuwa kijito, unaruka bila kulowesha kitambaa. Wakati wa Wabeleji nikaolewa huku chini, karibu na Nyangwe, kwa watu wa muto Lualaba. Siku ya kwanza kuona ule muto nikauliza bwana yangu, "Sasa mwisho wake iko wapi?" Akacheka mupaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilishika muti, nikauachilia kiisha yeye kunivuta.

Huku wanawake wanaenda soko na mutumbwi, na kila mutu anapiga kafi. Mimi kafi niliijulia wapi? Kwetu tulijua jembe. Basi nikaishika kama jembe: naipandisha juu ya kichwa, naishusha kwa mayi na hasira yote. Mama mukwe wangu alikaa nyuma, analowa kama bata. Alikuwa mujane, mufupi, mudomo mukali.

"We mukamwana! Unalima nini humu? Utapanda muhogo?"

"Ndiyo nguvu yangu, mama."

"Nguvu ya kulima samaki!"

Siku moja tunatoka soko, tunapita karibu na mawe. Kafi yangu ikaingia kati ya mawe, ikanasa. Mutumbwi unaenda, mimi nimeshika, mukono uko juu, unavutwa nyuma. Nikasikia ndani ya bega, ko! Mukono ukaanguka pembeni kama wa mutu mwingine. Nikapiga kelele, mutumbwi ukalala upande, mayi ikaingia mupaka kwa magoti. Mimi sijui kuogelea. Mama mukwe akautuliza mutumbwi na matako yake tu, namna anavyojua, akatufikisha kwa muchanga. Akanilaza chini, akaweka kisigino ndani ya kwapa yangu, akavuta mukono. Nikaita mama yangu wa Kabambare kama vile atasikia. Bega ikarudi.

Lakini haikukaa vizuri. Majirani wakasema, "Mufunge, asiguse kitu." Wakanichanja, wakapaka majivu, mukono ukafungwa kwa shingo. Ukakonda kama muguu wa kuku. Siku walifungua, nikanyoosha nitoe kijungu juu ya dari, ko! Imetoka tena. Tangu pale nililala upande mumoja. Nikisikia mutu anakuja nyuma yangu, nakumbatia bega yangu kama mutoto.

Ndipo kapita, musimamizi wa kazi za Wazungu, akaja. Feti kubwa, sikukuu ya Wazungu, inakaribia, siku ya michezo. Wanaume watakimbia, watavuta kamba. Wanawake watashindana na mitumbwi, kutoka kisiwa cha muchanga mupaka bandarini, kila kijiji na mutumbwi wake, na kijiji cha mwisho kitafyeka barabara ya Kasongo. Akatutazama kama mutu anachagua mbuzi. "Yule. Na yule. Na huyu mugeni, iko na mabega mapana."

Bwana yangu akasema, "Kapita, mukono wake ni mugonjwa."

"Mugonjwa anakula?"

"Anakula."

"Basi anapiga kafi. Ao wewe unakuja kulala boloko, ndani ya gereza, na chikoti mugongoni asubuhi."

Bwana akarudi nyuma, akaingia nyumbani. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa chini. Nilikwisha kujiona katikati ya Lualaba, bega imetoka, mutumbwi umelala, na mamba wanajua njia. Pale katikati nani ataniweka kisigino?

Mama mukwe akanifuata. Hakunipa pole. Akashika ule mukono uliokonda, akaupima na vidole.

"Hii bega imelala. Walikudanganya kuifunga sana. Nyama ndiyo inashika mufupa, na nyama yako imekwisha. Tutaiamsha polepole."

Kila asubuhi alinisimamisha kwa ukuta wa jikoni. Kiwiko kwa mbavu, mugongo wa mukono kwa ukuta, nasukuma. "Sukuma nyumba!" Nyumba haiendi, mukono hauendi, jasho peke yake inatoka. Kiisha akanipa kibuyu kidogo na muchanga kiganja kimoja ndani. Akakunja kitambaa, akakiweka chini ya kwapa, akasema nizungushe mukono inje na ndani, kitambaa kisianguke. Kikianguka naanza tena. Kilianguka mara mingi! Kila siku ananiuliza, "Inaungua kwa nyama, ao inachoma ndani kwa mufupa?" Nikisema inaungua kwa nyama, anaongeza muchanga. Nikisema inachoma kwa mufupa, anapunguza, na siku ile hakuna kibuyu tena.

Bega ikaanza kujaa. Mimi bado naogopa.

Kiisha akanipeleka mutoni. Akafunga mutumbwi na kamba kwa muti wa bandari, tukaingia, akasema, "Piga kafi." Nikapiga. Kamba ikanyooka, mutumbwi ukatetemeka, hauendi popote. Sasa fikiri, wanawake wote wanakuja kuchota mayi wanatuona.

"Ninyi mutafika Kindu lini?"

"Tumekwisha kufika," mama mukwe akawajibu, "sasa tunarudi!"

Lakini mule ndani hakucheka. "Mukono usipite macho. Vuta na kiuno, na mugongo. Mukono ni kamba tu." Nikisahau, nikipandisha kama jembe, ananichapa mugongoni na kafi yenye mayi.

Na kulikuwa jambo ingine, lile lilinishinda kuliko yote. Nikiwa navuta, anapiga kelele, "Achilia!" Ni lazima nifungue vidole mara moja, kafi ianguke. Utasema ni kazi ya mutoto. Jaribu uko na woga! Mimi woga ulinifunga ngumi. Anasema achilia, mimi nazidi kushika.

"Kafi inatoka kwa muti, mukamwana. Miti iko mingi. Bega kama hii iko mbili tu, na moja umeiharibu. Achilia!"

Siku ya feti ngoma zilipigwa, Wazungu walikaa kwa viti kivulini, mama mukwe akabaki bandarini. Mbele yangu mutumbwini walikalisha jirani moja, munene, mutu wa maneno. Akageuka. "Mutu wa vilima, usitulimie leo." Nikashika kafi, macho kwa mayi.

Tukaenda. Ah, nitawaambia kweli, nilivuta! Kiuno, mugongo, kiuno, mugongo. Bega ilikuwa pahali pake, imekaa kimya, na mara kidogo nikasahau kuogopa.

Mutumbwi wa kijiji kingine ukatukaribia, unataka kupita. Kafi yangu ikaingia chini yake, ikanasa. Sisi tunaenda mbele, mukono wangu unavutwa nyuma, unapanda juu. Ilikuwa namna ile ile ya kwa mawe, na nikajua. Mayi ilikuwa nyeusi pale chini. Ngumi yangu ikakaza, na sauti ya mama mukwe siwezi kuisikia, iko mbali na ngoma ni nyingi. Bega ikaanza kufunguka, nilisikia mufupa unatafuta mulango.

Vidole vikafunguka. Siwezi kusema ni mimi niliamuru. Kafi ikakwenda, mukono ukanirudia, bega ikauma kama moto na ikabaki ndani. Lakini mutumbwi wetu uliyumba, wenzangu wakapoteza mwendo, wale wakapita, na wengine wote wakapita. Nikapiga mayi na kiganja mupaka bandarini. Sisi wa mwisho.

"Kafi ameitupa kama kiazi cha moto!" jirani akapiga kelele mbele ya watu wote. "Barabara ya Kasongo, asante yako!" Kapita naye anatuonyesha kidole.

Mama mukwe aliingia mayini na kitambaa chake chote, hamuangalii mutu. Akaingiza mukono chini ya nguo yangu, akagusa mufupa mbele, akagusa nyuma, akazungusha mukono wangu polepole.

"Iko?" nikamuuliza.

"Iko."

Ndipo nikaona vidole vyake vinatetemeka kuliko vyangu. Mutu aliyenichapa na kafi siku zote zile!

Tukafyeka barabara. Wenzangu hawakunihurumia, kila nikipandisha panga jirani anaimba, "Achilia!" na wote wanacheka. Nilifyeka na mukono wa kuume, na bega haikutoka.

Kazi ya barabara ilipokwisha, nikalala kama gogo. Asubuhi nafungua mulango, mama mukwe amesimama pale, kamba iko mukononi.

"Mama, feti si ilikwisha kupita?"

"Feti ilipita. Na bega yako ilipita nayo?"

Nikachukua kafi, nikashuka naye, naogopa vile vile.