Mzee Marwa Alivyokimbia

Nilipiga yowe la wizi wa ng'ombe saa tisa mchana, mwanangu, wakati ng'ombe wetu wote watatu walikuwa wamelala nyuma ya nyumba wanacheua, na hakukuwa na mwizi yeyote isipokuwa Wambura, mwenzangu wa kidato cha pili, ndani ya koti la baba yake. Hilo ndilo jambo la kijinga nililofanya. Wazee wengine hukumbuka siku moja moja. Mimi hii naikumbuka kila siku.

Nakuita mwanangu huku nikijua nina miaka kumi na saba na ndevu nne. Vumilia. Nimesikia ninyi wa kidato cha kwanza mmeanza kurekodi filamu kwa simu nyuma ya maabara, na katika kazi hiyo hapa Nyansurura mzee ni mimi.

Tulikuwa watatu: mimi Chacha, Wambura, na Mwita, aliyeshika simu kwa sababu mkono wake peke yake ulikuwa hautetemeki. Simu alinipa mjomba wangu wa Sirari. Tulitaka filamu ya wezi wa ng'ombe. Kutengeneza filamu kunanoga, sitakudanganya. Unamwambia mtu wewe ni mwizi, naye anakuwa mwizi, hata mwendo unabadilika. Lakini kunachosha pia. Jua linawaka, chaji inaisha, na Wambura tulimpiga mshale mara kumi na moja akakataa kufa.

"Kila siku nife mimi? Kufa na wewe!"

Mbaya zaidi, jeshi la kumfukuza mwizi lilikuwa mimi na mdogo wangu, niliyemwazima kwa siku hiyo. Mwita akatazama alichorekodi, akasema, "Hii siyo vita, Chacha. Hawa ni watu wawili wanawahi choo."

Ndipo nikajiona nina akili. Huku kwetu yowe likipigwa hakuna anayeuliza maswali. Aliye shambani anatupa jembe, aliye mezani anaacha ugali, anachukua upinde au panga na kukimbilia linakotoka. Nikamwambia Mwita aelekeze simu njiani. Nikapiga. Sauti yangu siku zile ilikuwa inavunjika, ikatoka nyembamba kabisa, kama ya mama yangu.

Nikwambie kwanza habari ya mama. Baba yuko migodini, anarudi akikumbuka. Mama amebaki na sisi na wale ng'ombe watatu, na kinachowalinda siyo ua wa miiba, hata mbuzi anaupita. Kinachowalinda ni lile yowe, na majirani wanaoliitikia. Wa kwanza kufika kila mara alikuwa Mzee Marwa, wa ng'ambo ya kijito, nyumba yake inaonekana kutoka kwetu, mtu aliyekwisha kupita miaka sabini.

Siku hiyo pia alitoka wa kwanza. Kifua wazi, upinde mkononi, akateremka mbio mpaka kijitoni na kuanza kuruka juu ya mawe. Jiwe la mwisho likamtupa. Wengine wakampita, kama watu thelathini, wakafika kwetu wanahema na kukuta ng'ombe wanacheua na Mwita ameshika simu. Mama naye alikuwa amekuja mbio kutoka shamba la mihogo. Nilingoja kuchapwa. Hakuna aliyetugusa. Mzee mmoja aliurudisha mshale wake kwenye podo, akasema tu, "Kumbe ni picha." Kisha wakarudi kijitoni na kitanda kumbeba Mzee Marwa, kwa sababu alikuwa hajainuka. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Wewe ungefuta, sivyo? Mimi sikufuta. Kile kilikuwa kipande kizuri kuliko vyote tulivyowahi kurekodi, maana hakuna aliyekuwa anaigiza. Siku ya mnada nikampelekea mwenye banda la video. Mwanangu, sijawahi kupendwa vile. Watu wanapenda filamu kwa kuwa wao wamekaa kwenye benchi na anayeumia ni mwingine. Mzee alipoanguka banda zima lilipasuka kicheko.

"Rudisha! Rudisha babu aruke tena!"

Ikarudishwa mara tatu. Nami nilicheka. Siwezi kukuficha hilo, ndilo linalonisumbua kuliko hata lile yowe.

Habari zikamfika Mzee Marwa kitandani kwake. Akaagiza niende na hiyo simu. Mama akasema tutaenda wote, akatangulia. Tulimkuta amelala ubavu mmoja, miguu imekonda kama ya mtu mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi sijawahi kujiona. Washa."

Nikawasha. Nikamsogezea kioo machoni.

"Huyo ni mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona nakimbia vizuri hivyo?" Akainua shingo asogee karibu. Picha ilipofika jiwe la mwisho akafunika kioo kwa kiganja. "Hapo hapana. Rudisha pale ninapotoka nyumbani."

Nikarudisha mara nane, labda tisa. Kila mara kiganja kilishuka palepale. Mwishowe akamwambia mama, bila kunitazama, "Niliposikia yowe nilijua ni wewe, Mama Chacha. Nilisema, leo wamemkuta peke yake."

Mama aliangalia chini. Mimi niliangalia simu, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuangalia.

Mzee hajatembea tena mpaka leo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitanii. Mtu asiyejua kwamba anaigiza, usimweke kwenye filamu yako. Mwombe kwanza. Akikataa, igizeni wenyewe, vibaya, watu wawili wanaowahi choo. Filamu mbaya haijamvunja mtu nyonga. Na ukiwa kwenye benchi wote wanacheka, mtazame yule anayeanguka, ujiulize alikuwa anakimbilia nini.

Mungu akupe chaji isiyoisha, na marafiki wanaokubali kufa wakiambiwa. Akujalie majirani wanaotoka mbio kwa ajili ya mama yako, na wote warudi kwao kwa miguu yao.

Jioni ile tulivuka kijito, mama mbele, mimi nyuma. Alipofika kwenye lile jiwe la mwisho akasimama, akanyoosha mkono, nikampa simu. Akasema hivi:

"Hii atabaki nayo Mzee Marwa. Kuanzia kesho utapeleka ng'ombe wake majini kabla ya wetu. Na yowe likipigwa, Chacha, kokote liwe, usingoje kuona nani ametoka. Utatoka wewe kwanza. Mahali pake pako wazi."